Nyumba ya Masele Yapata Wapangaji Wawili

"Toa kitanda chako mlangoni—"

"Sitoi! Toa wewe hizo ndoo zako—"

"Kaka, hii nyumba nimeshalipia, miezi sita—"

"Na mimi nimelipa nini, majani? Miezi sita hiyo hiyo, tena mkupuo—"

"Ufunguo ninao mimi!"

"Na huu ni nini? Kijiko?"

Nilikuwa ng'ambo ya barabara kwenye kibanda changu cha vocha na kuchajisha simu. Nikaacha wateja watatu hapo hapo nikakimbia, maana vitu kama hivyo ukichelewa unaanza kusimuliwa, na kusimuliwa si sawa na kuona.

Mlangoni kwa Mzee Masele kitanda cha sita kwa sita kilikuwa kimekwama, kichwa kiko ndani, miguu iko nje. Ndani alisimama dada mmoja ana mtoto mgongoni, anakisukuma kitoke. Nje kaka mmoja mwenye mwili mkubwa, shati limelowa jasho, anakisukuma kiingie. Punda aliyeleta vyombo vya yule kaka alikuwa anakula maua ya jirani, hana habari.

Dada aliitwa Specioza, nesi, kahamishiwa Bariadi kutoka Biharamulo. Alikuwa amelala gesti wiki nzima na mtoto, akisubiri nyumba iwe tayari. Kaka aliitwa Athanasi, fundi wa mashine za kuchambua pamba, katokea Maswa asubuhi hiyo. Haya niliyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba wote wawili wamesimama kwenye nyumba ambayo haijawahi kulala mtu.

"Ngojeni kwanza," nikasema. "Kati yenu nani ameongea na Mzee Masele?"

Wakakiachia kitanda wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Masele ndo nani?" Specioza akauliza.

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba anaitwa Marcelo," wakasema wote kwa pamoja, halafu wakatazamana kwa hasira kama kila mmoja kaibiwa neno lake.

Nikaomba funguo. Nikajaribu wa dada, kitasa kikazunguka laini. Nikajaribu wa kaka, kikazunguka laini vilevile. Nikarudia tena, mpaka Athanasi akaniambia, "Bwana mdogo, unacheza?" Sikuwa nacheza. Nilikuwa nimeduwaa. Matapeli nilishawasikia wengi, anakutumia picha, unatuma pesa, anazima simu, basi. Lakini tapeli anayekutumia ufunguo unaofungua! Wote wawili waliupata kwa basi, kwenye bahasha, konda akawapigia waje wachukue mzigo wao. Nani asingeamini?

Lazima niseme kidogo kuhusu hiyo nyumba. Kabla hatujapewa mkoa, hapa palikuwa shamba la pamba, na mimi nimechumia hapo. Tulipotangaziwa Simiyu ni mkoa na Bariadi ndiyo makao makuu, nikaondoka kwenda chuo. Niliporudi, bila cheti lakini na maneno mengi, sikuona pamba. Niliona mabati ya bluu na mekundu mpaka macho yanauma. Watumishi walishushwa kila wiki na magodoro yao. Chumba kilichokuwa kinapangishwa kwa bei ya mbuzi kikafika bei ya ndama. Soko huria bwana, hakuna wa kukuuliza. Watu walihamisha kuku kwenye mabanda, wakapiga sakafu, wakaandika ukutani CHUMBA KIPO.

Katikati ya hayo yote nyumba nzuri kuliko zote mtaani ilikaa tupu. Vigae sakafuni, jipsamu darini, madirisha ya alumini, na hamna mtu. Mzee Masele, mfugaji wa Mwandoya, aliuza ng'ombe akaijenga, halafu akaifunga. Madalali walimfuata mpaka kwake. Mmoja alirudi anachechemea, akasema mzee hapendi kuulizwa, na fimbo yake ni ndefu kuliko inavyoonekana.

"Nionyesheni hilo tangazo," nikasema.

Specioza akanipa simu. Grupu la nyumba za kupanga, watu elfu kadhaa. Picha sita. Nimeishi mkabala na ile nyumba muda wote huo, lakini kwenye ile simu sikuitambua, ilivyopendeza. Jua lilikuwa limeangukia bati kama limeagizwa. Nikakuza picha ya pili. Pembeni kabisa kikaonekana kibanda, na ndani ya kibanda kijana mmoja kaachama anacheka, meno yote nje.

Alikuwa ni mimi.

Chini yake wameandika: *Mazingira tulivu, maji yapo, majirani wacheshi.*

"Aisee," nikasema.

"Wewe ndiye jirani mcheshi?" Athanasi akauliza. Hakuonekana kama mtu anayetaka kuchekeshwa.

Nikasema ngoja nimpigie huyo Marcelo kwa simu yangu. Nikabonyeza sauti ya nje tusikie wote, nikabana pua. "Halo, naulizia ile nyumba ya Bariadi. Mke wangu kazaliwa Tanga. Je, kutoka hapo nyumbani, bahari inaonekana?"

Sauti ikaja tulivu, ya mtu aliyeshiba. "Bahari bado, kaka. Ipo kwenye mpango."

Specioza alicheka, akajishika mdomo. Jamani, alicheka huku machozi yanamtoka.

"Halafu kaka Salu," sauti ikaendelea, "ukitaka kunitania usitumie namba uliyoiandika ukutani kwenye kibanda. Msalimie mama Kwandu."

Salu ni mimi, na jina sikuwa nimelitaja. Ikakatwa. Tukapiga tena, haipatikani. Nilibaki nimeshika ile simu kama nimeshika kaa la moto. Kazi ya kutania watu mtaa huu ni yangu, na siku hiyo nilikutana na mwalimu wa walimu.

Mama Kwandu mwenyewe alikuwa anakuja, amejifunga khanga kiunoni, mikono ina unga. Ndiye jirani wa ukuta kwa ukuta, na ufunguo wa Mzee Masele anautunza yeye, kwenye gudulia la chumvi.

"Mwadila," akasalimu kwa Kisukuma, kisha akaona kitanda. "Mayo wee! Hiki nini?"

Tukamweleza. Akakaa chini palepale kwenye kizingiti.

"Kijana wa shati jeupe," akasema polepole. "Alikuja akanisalimia vizuri kabisa. Nikamuuliza, wa nani wewe? Akasema mpwa wa Masele, katumwa kupima milango. Nikasema, aa, wapwa ni wengi, nitakujuaje? Akanitajia ng'ombe."

"Ng'ombe gani?" Athanasi akauliza.

"Wa Masele! Maksai wote waliouzwa ikajengwa hii nyumba. Polisi, Bwanashamba, Sigara. Akasema Sigara ana baka jeupe puani na hapendi kufungwa kushoto. Akataja yule aliyevunjika pembe mwaka wa mvua kubwa. Watoto wa Masele wenyewe hawawezi kukutajia hao! Ningemkatalia vipi? Mtu anayejua ng'ombe wa mtu mpaka tabia zao ni wa nyumba hiyo. Nikampa ufunguo. Jioni akaurudisha, na kilo ya sukari juu."

Hakuna aliyemcheka. Mimi mwenyewe ningempa. Hapa kwetu kitambulisho kinaweza kuchapishwa dukani, ila baka la puani kwa Sigara unalichapisha wapi? Alijulia wapi yule kijana? Mnadani? Aliwahi kuwachunga? Mpaka leo sijui.

Lakini mama Kwandu hakukaa chini muda mrefu. Aliinuka na hasira imepata miguu.

"Na nyie! Ng'ombe humnunui mpaka umefungua mdomo umeona meno, umemzunguka, umemuuliza jirani kama si wa wizi. Nyumba mnailipia kwenye kioo cha simu! Mngekuja hata siku moja, mkauliza hata mtoto anayepita, nyumba hii ya nani? Mngeambiwa!"

"Nilikuwa Biharamulo, mama," Specioza akasema. "Na picha zilikuwa nyingi, na wengine kwenye grupu wanagombania. Akaniambia nikichelewa mpaka jioni anampa mwingine."

"Na mimi aliniambia hivyohivyo," Athanasi akasema, taratibu sasa. "Mwingine mwenyewe ndiye huyu."

Nikampigia Mzee Masele. Simu yake inashikwa na mjukuu, kwa hiyo habari ilimfikia imezungushwa. Jibu lililorudi lilikuwa neno moja: "Nakuja."

Mwandoya si hapa. Athanasi akafungua nati za kitanda kikatoka mlangoni, akakipanga uani akakikalia, akasema haondoki mpaka kieleweke. Specioza akakaa ndani kwenye ndoo, mgongo umeegemea ukuta, na yeye akasema haondoki. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka Salu, nikitoka hapa sina pa kwenda. Gesti wameshanitoa, na pesa yote ndo hiyo. Akija huyo mzee akinifukuza, nitalala na mtoto wapi?"

Nikatoka nikakaa uani na mama Kwandu.

Jua likapanda. Mtoto akaamka na njaa, akalia ile ya kukata roho. Tukasikia ndoo zinasogezwa, kiberiti, mkaa unapulizwa. Mama Kwandu alikuwa ananisimulia jambo. Akanyamaza katikati ya sentensi, akainua pua.

"Huo moshi unatoka wapi?"

Tukageuka. Dirisha la jikoni la ile nyumba lilikuwa linatoa moshi mwembamba, unapanda juu ya bati la bluu.

"Amewasha," mama Kwandu akasema. Khanga ilimdondoka hakuiokota. "Amewasha moto."

"Si anapika uji wa mtoto?" nikasema.

"Hujui kitu wewe. Unadhani Masele aliifunga hii nyumba kwa nini? Kwa ukoo wao nyumba mpya haikaliwi mpaka mke mwenyewe awashe moto wa kwanza. Mama Nyanda, mke wa Masele, alishafunga mizigo aje kuwasha. Akaugua wiki ileile, akafa. Masele akasema basi, haitawashwa. Maana kwao anayewasha wa kwanza ndiye mwenye nyumba. Hata awe nani. Hilo halifutwi."

Athanasi aliinuka kwenye kitanda chake. Jitu zima, fundi wa mitambo, likarudi nyuma hatua kadhaa kama nyumba imemtazama.

"Dada," akaita kuelekea dirishani, "nyumba ni yako. Mimi mambo ya moto wa watu sigombanii. Nitakwenda polisi kumshitaki huyo Marcelo, na jina lako nitaliandikisha pamoja na langu."

Specioza akatoka na mwiko mkononi. Mama Kwandu alipomweleza, akageuka kutazama jikoni. "Sikujua! Nizime? Nimwagie maji?"

"Usiguse!" mama Kwandu akapiga kelele. "Kuwasha umewasha, na kuzima tena?"

Ndipo pikipiki ikakata kona.

Mzee Masele alishuka mwekundu kwa vumbi tangu kofia mpaka katambuga, fimbo mkononi, ile ile. Watu wa mtaani walikuwa wameshajaa barabarani. Mama Kwandu akapiga goti kumsalimia, mzee hakuitikia. Alikuwa anatazama moshi.

Sijui niseme vipi. Nimewaona wazee wakitazama mvua baada ya kiangazi kirefu, wakitazama dume la ng'ombe lililoshinda bei mnadani. Huyu hakutazama hivyo. Alitazama kama mtu aliyeambiwa njia hii haipitiki, halafu akaona mtu anakuja kutoka upande wa pili. Alifuata ule moshi kwa macho kutoka dirishani mpaka ulipopotelea, akarudi tena dirishani. Hata punda aliacha kutafuna, naapa.

Akatembea mpaka mlangoni kwake. Tukangoja aingie. Hakuingia. Alivua kofia. Alivua katambuga, akaziweka pamoja upande mmoja, akasimama nje ya kizingiti cha nyumba aliyoijenga kwa ng'ombe wake, miguu peku.

Specioza akaja mbele, mtoto begani. "Shikamoo mzee. Nisamehe. Nimetapeliwa, sikujua habari za moto. Ukisema nitoke, natoka. Naomba tu mtoto amalize uji."

Mzee alimtazama mtoto. Mdomoni kwake kulikuwa na uji mpaka kidevuni.

"Moto ulikubali?" akauliza. "Au ulihangaika nao?"

"Ulikubali, mzee. Mara moja tu."

Akaitikia kwa kichwa. Nikaona mkono uliokuwa umekaza fimbo unalegea. Mama Kwandu alikuwa amefumba macho kabisa. Mimi nilikuwa najiandaa kusimama kati ya ile fimbo na yule dada, ingawa mwili haukuwa umekubali.

Mzee akaegemeza fimbo ukutani. Akainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyefika ugenini.

"Mayu," akamwita Specioza, yaani mama. "Kile chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama Mwandoya. Kina mtu?"

"Hapana, mzee. Hakina."

"Basi naomba unipangishe."