Kadi ya Mrefu

Tulikuwa wanawake saba na kadi moja ya matibabu. Kadi ilikuwa ya Mrefu, mwenzetu pekee aliyeandikishwa kisheria. Pasipoti zetu sote Mjomba alizifungia kabatini siku tuliyofika. Mjomba si ndugu wa mtu. Ni msimamizi wa banda tunamopasua betri za magari kwa shoka, kumwaga tindikali na kuyeyusha madini ya risasi bila hata kitambaa cha pua.

Aliyeugua alikwenda zahanati akiwa Mrefu. Mwezi huu Mrefu mnene, mwezi ujao Mrefu kibogoyo. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha mmoja akamwambia nesi ukweli, na hadi leo hatujamtia machoni. Ndala zake bado ziko mlangoni.

Mdogo wangu alipoanza kukohoa damu, nilimfundisha faili la Mrefu neno kwa neno.

"Kilichoandikwa humo ni chako. Wakiuliza, itikia. Ukijikanyaga, sote tumekwisha."

Alikariri upesi, ana kichwa chepesi. Nami nikajiona mjanja kweli.

Kule zahanati nilimshika mkono kwa kuwa miguu ilimwisha nguvu. Mjomba alisimama nyuma ya kiti alichokalia mdogo wangu, kiganja begani pake. Daktari alimpima kifua, akafungua faili.

"Penisilini umeshachomwa mara tatu. Haikukudhuru?"

Utotoni sindano hiyo ilimvimbisha koo, nusura tumzike, naye anajua fika. Mimi, mwalimu wake, hilo nililisahau kabisa.

Aliniangalia. "Haikunidhuru, daktari."

Daktari akavuta dawa kwenye bomba la sindano. Niliogopa sana, lakini nikasimama.

"Usimchome! Faili si lake. Itamuua!"

Mjomba akacheka taratibu. "Msamehe, daktari. Huyu dada yake hazimtoshi."

Daktari hakucheka. Aliweka sindano mezani, akamwinamia mdogo wangu.

"Niambie mwenyewe. Wewe ni nani?"

Sema, mdogo wangu. Sema jina alilokupa mama.

Vidole vya Mjomba vikazama begani. Mdogo wangu akataja jina la Mrefu, tarehe ya kuzaliwa ya Mrefu, hata jino alilong'olewa Mrefu. Hakukosea hata kimoja.

"Dada yangu ana wasiwasi tu," akasema, akaanza kukunja mkono wa blauzi.