Unilalie na Miye

Chakula cha mchana katika kiwanda cha Dawudi, huko Katwe, Kampala, kililiwa juu ya marobota ya sponji. Siku hiyo ilikuwa posho, kama ugali unavyoitwa huku, na maharage. Nabintu, fundi wa zipu, alikuwa ameshika kijiko hewani muda mrefu hata maharage yakapoa, macho yake yakiwa wazi lakini hayaoni kitu. Nafuna, aliyeketi karibu naye, akakitoa kijiko mkononi mwake, akakirudisha kwenye sahani, kisha akaendelea kula.

"Haki wewe, kula," alimwambia. "Sindano ilishakudunga asubuhi. Ukilala hapa utadungwa na kijiko."

Ulikuwa msimu wa magodoro. Shule za bweni zilikaribia kufunguliwa, na mtoto haendi bweni bila godoro, na godoro haliuziki bila kava la maua lenye zipu na utepe wa pembeni. Kwa hiyo, ili watoto wa watu walale vizuri, kina mama wa kiwandani walikuwa hawalali. Dawudi aliahidi kwamba msimu ukiisha watapumzika. Tatizo ni kwamba shule nchini hufunguliwa kila baada ya miezi michache, na msimu mmoja ulikuwa haujamaliza kuaga kabla mwingine haujapiga hodi.

Nabintu alitoka Bukavu akiwa na binti yake Exaucée mgongoni. Sasa Exaucée alikuwa msichana mrefu mwenye sauti nzuri, na mama yake alikuwa akimwona zaidi akiwa amelala. Nafuna alitoka Bungoma akimfuata mume, ambaye alipofika Kampala alimfuata mwanamke mwingine. Wa tatu wao alikuwa Akullo wa Lira, mtu wa maneno machache, ambaye kazi yake ilikuwa kushona utepe. Akullo alikuwa na kipaji kimoja tu ambacho wenzake walimwonea wivu: alilala popote. Alikipata utotoni, miaka ya vita vya kaskazini, walipokuwa wakitoka nyumbani kila jioni kwenda kujificha porini. Mtoto aliyejifunza kulala kule, mahali pengine pote ni kitanda.

Akullo alimaliza posho yake, akajifuta mikono. "Naenda lala kidogo," alisema.

"Unilalie na miye," Nabintu akasema.

Alisema hivyo kama mtu anavyomwambia msafiri amsalimie watu wa huko aendako. Nafuna akacheka mpaka maharage yakampalia. "Usiseme hivyo mbele ya Wakenya! Kwetu ukimwambia mtu akulalie, atachukua mahindi yako yote kwa bei ya maganda."

Akullo hakucheka. Kiswahili alikipata kwanza kwa askari wa vizuizini, na Kiswahili kile hakikuwa na utani ndani yake. Ukiambiwa jambo, ulilifanya. "Sawa," alisema, akaenda kulala juu ya mabaki ya sponji huku majirani zao wakiponda mapipa ya zamani ili yawe sufuria.

Mapumziko yalipokwisha, Akullo aliamka na macho mekundu na shavu laini lisilo na alama yoyote. Nabintu, ambaye hakuwa ameinuka pale alipoketi, alikuwa na vitundu vya sponji vimejichapa shavuni, na macho yake yalikuwa meupe. Alishona zipu zilizonyooka alasiri nzima. Nafuna aliliangalia shavu la huyu, akaliangalia shavu la yule.

"Umelala," alimwambia Nabintu.

"Ni Akullo alilala. Miye nilikuwa hapa na weye."

Nafuna alifikiri kidogo. "Sasa hii inasaidia na mgongo?" aliuliza.

Ilisaidia na mgongo. Kesho yake Akullo alimlalia Nafuna, kesho kutwa akawalalia wote wawili kwa pamoja, na haikumchukua muda mrefu zaidi. Kasoro ilikuwa moja tu: mapumziko yalikwenda kwa mwenyewe, lakini ndoto zilibaki kwa Akullo. Aliota vilima vya Bukavu, ambako hakuwahi kukanyaga. Aliamka akijibu watu kwa Kishi, lugha ya kina Nabintu, kisha akaanza kutafuta maneno ya kwao.

"Mama yako nauliza kama mutoto nakula," alimwambia Nabintu siku moja, akiwa bado anafikicha macho. Mama yake Nabintu alikuwa amefariki kabla binti yake hajavuka mpaka.

"Umuambie anakulaka," Nabintu akajibu.

Akullo aliporudi kulala alimwambia, na yule mama akaendelea kumenya mihogo. Ndoto za Nafuna zilikuwa nyepesi zaidi. Mume wake alikuja mlangoni kila mara akiuliza kiatu chake cha pili kiko wapi, na Akullo alimjibu kwa adabu kwamba hajui.

Wenzake hawakuwa watu wa kupokea tu. Nafuna alijaribu kumlalia Akullo, akaamka yeye mwenyewe amepumzika, akaona aibu siku nzima. Nabintu alijilaza pia, lakini akabaki akitazama mabati na kufikiri mambo ya nyumbani. Ikaonekana kwamba si kila mtu ana mkono wa kazi ile. Basi Nabintu akawa anamshonea Akullo sehemu ya utepe wake, na Nafuna akawa anamletea odii, lile rojo zito la ufuta na karanga linaloliwa kwao Lira, na kumlisha kwa mkono wake huku mwenzake akiwa na usingizi machoni. Akullo alikonda hata hivyo. Nywele zake zilianza mvi upande ule aliolalia.

Dawudi aligundua kwa sababu kazi ilikwenda vizuri kupita kiasi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lisemwe mapema, kwa sababu lingekuwa jambo rahisi kama angekuwa mbaya. Alikuja misibani. Kila asubuhi alisimama mlangoni na kusema "Mugyebale", salamu ya mji huu, ambayo maana yake unashukuriwa kwa kazi hata kama ndiyo kwanza unavua viatu. Siku hiyo alimkuta Akullo amelala saa za kazi, na Nafuna, kwa kuogopa mwenzake asifukuzwe, akamweleza jambo lote bila kubakiza.

Dawudi alisikiliza kama mtu anayeelezwa habari za mashine mpya.

"Analalia watu ngapi?" aliuliza.

"Sisi wawili. Lakini nafikiri angeweza zaidi," Nafuna akasema, na neno hilo alilijutia baadaye kuliko neno lolote alilowahi kusema, hata lile la kukubali ndoa.

"Na mutu ya kulala namna hii munamuweka nyuma, kwa sponji mubaya? Bambi!" Dawudi alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

Akina mama walidhani wamebarikiwa. Akullo aliondolewa kwenye utepe, akapelekwa dukani mbele, akawekwa juu ya godoro lililo bora kuliko yote, nyuma ya kioo. Kazi yake sasa ilikuwa moja, kuwalalia mafundi wote. Wapita njia walisimama kumtazama mwanamke aliyelala fofofo katikati ya Katwe, nyundo zikilia kulia na kushoto, na wakaingia kuulizia bei. Msimu huo kiwanda kiliuza kuliko misimu yote.

Na kwa kuwa fundi hakuchoka tena, hakukuwa na sababu ya fundi kwenda nyumbani mapema. Hakukuwa na sababu ya mapumziko ya mchana, kwa hiyo chakula kililiwa mkono mmoja ukiwa kwenye kitambaa. Jumapili nazo zikaingia kazini, taratibu, bila mtu kuzitangaza. Kila fundi alikuwa na mistari ya godoro shavuni na macho maangavu. Asubuhi moja Dawudi mwenyewe alisimama mlangoni kusema "Mugyebale", akiwa na maua ya kava yamejichapa kwenye paji la uso. Ndoto zake Dawudi hakuna ajuaye zilikuwaje, ila Akullo, na Akullo alikuwa haamki tena muda wa kutosha kuzisimulia.

Kanisa la Wakongomani lilikuwa ubavuni mwa kiwanda, ukuta wa mabati ukivitenganisha, na mlango wake ulitazama barabara ile ile ya duka. Exaucée aliimba kwaya hapo. Jumapili moja alipangiwa kutoa sauti peke yake, kwa mara ya kwanza, na alimwomba mama yake kitu kimoja tu, kwamba aketi mahali atakapomwona. Nabintu aliahidi. Alikuwa hajawahi kuvunja ahadi kwa mtoto yule, tangu siku ile alipombeba mgongoni na kumwahidi kwamba watafika.

Alimwendea Dawudi akiwa amefunga kitambaa kichwani vizuri.

"Patron, naomba Jumapili moja. Moja tu. Mutoto ataimba."

Dawudi aliweka kikombe chini. "Nyabo," alisema, neno la Waganda la kumheshimu mama, "Jumapiri ni ya mutu amechoka. Wewe umechoka?"

Nabintu alijitafuta. Alitafuta mabegani, akatafuta magotini na nyuma ya macho, mahali pote ambapo uchovu ulikuwa ukikaa. Hakuuona. Na yeye alikuwa amelelewa kutosema uongo.

"Hapana, patron," alijibu.

"Basi," Dawudi akasema kwa upole. "Kama ungekuwa umechoka, ningekuruhusu."

Nabintu alirudi kwenye cherehani. Nafuna alikuwa amesikia yote, kwa maana pazia la ofisi halikuzuia kitu.

"Nilikuambia siku ile," Nafuna akasema. "Kulalia. Kwetu mtu akikunyonya, akachukua cha kwako kwa bei anayotaka yeye na bado anacheka na wewe, tunasema amekulalia."

Nabintu alikata uzi kwa meno. "Kwetu sisi ni kulala kwa ajili ya mutu."

"Ni neno moja."

"Sasa nani ametulalia? Akullo ao patron?"

"Wote wawili," Nafuna akasema, na safari hii hakucheka.

Walikwenda dukani kumwamsha. Walimtikisa kwa zamu mpaka akafungua macho. Nusu ya kichwa chake ilikuwa nyeupe kabisa. Nafuna alimpigia magoti pembeni mwa godoro, wateja wakitazama kutoka nje ya kioo.

"Akullo, dada, inuka. Tumekosa sisi. Inuka twende."

Akullo aliwatazama mmoja mmoja, akihakikisha kwamba hawakuwa wa ndotoni. "Nikiamuka, hii yote itarudi kwenu," alisema. "Siku moja. Yote. Mutaanguka."

"Tuanguke," Nafuna akasema.

Nabintu hakusema hivyo. Alifikiria Exaucée akifika nyumbani na kumkuta ameanguka, na hakuna mtu mwingine mji mzima wa kumwinua. Alinyamaza, na Akullo akauona ukimya ule, akauelewa. Nabintu aliona haya. Haya, kwa bahati mbaya, haikuwa kitu ambacho mtu angeweza kulalia kwa niaba yake.

"Na usingizi yako weye?" Nabintu aliuliza. "Unalala saa ngapi ya kwako?"

"Ya kwangu iko mbali," Akullo akasema. "Hapana nafikia." Akafumba macho. Nafuna alimfunika miguu kwa kanga yake mwenyewe, akarudi kazini bila kanga.

Jumapili ilifika. Mafundi walikuwa wamepanga jambo bila kulisema kwa sauti: wimbo ukianza, kila mmoja atatoa mguu kwenye pedali. Ibada ilianza upande wa pili wa mabati, ikasikika kwa vipande katikati ya mngurumo. Kisha gitaa likapigwa peke yake, na Nafuna akainua mguu. Mwingine akainua, na mwingine, mpaka kiwanda kizima kikanyamaza. Nabintu aligeuza kichwa upande wa mabati.

Dawudi akatokea ofisini upesi. Ukimya ulikuwa umemshtua.

"Umeme imekatika?" aliuliza.

Aliangalia taa, akaiona inawaka. Hakugomba. Alisimama tu pale akiwatazama kwa mshangao wa mtu aliyewatendea watu wema wasiouona, na mmoja baada ya mwingine wakarudisha miguu. Nafuna alikuwa wa mwisho. Gitaa likamezwa. Kama Exaucée alifungua kinywa wakati ule au baadaye, mama yake hakujua.

Nabintu alivuta kava jingine la maua, akalinganisha zipu. Katikati ya mshono alihisi kitu shavuni. Alijigusa macho, akayakuta makavu. Shavu lilikuwa limeloa, pale penye mistari ya godoro, na maji yaliendelea kuja polepole bila yeye kuyalia. Dukani mbele, mlango ukiwa wazi kuelekea barabara ya kanisani, Akullo alikuwa amelala, akiusikia wimbo wote kwa niaba yake.

"Nyabo," Dawudi akamwambia, bado akiwa amesimama pale. "Usilowanishe kitambaa."

Nabintu alisogeza kava pembeni kidogo. Aliendelea kushona zipu huku shavu likilowa, mpaka likakauka lenyewe, naye akajua kwamba wimbo umekwisha. Akachukua kava jingine.