Jeneza Lisilo na Wapokezi

Mnyororo wa baiskeli ulichomoka kwa mara ya tatu pale Makupa, na Mzamil akatoa tusi ambalo mamake, lau angelisikia, angemfungia mlango. Baiskeli yenyewe ya kuazima. Musyoka, rafiki yake wa bandarini, alikuwa amemwapia kwamba hicho ni chuma cha kweli, kimepanda vilima vya Machakos kikarudi salama. Kilirudi kimebebwa, wallahi, hakuna njia nyingine! Mzamil alipiga magoti kando ya barabara, vidole vimejaa grisi, akahangaika na mnyororo huku wenzake wakimpita wawili wawili. Wa mwisho kumpita alikuwa mzungu mmoja wa makamo mwenye kitambi, na huyo akamwambia pole. Pole hiyo ilimuuma kuliko goti.

Na goti lilikuwa likiuma, tusidanganyane. Miezi kumi na moja nyuma Mzamil alikuwa mtu wa genge la kufunga makontena huko Kilindini, wale wanaopanda juu ya shehena melini na kuyakaza makontena kwa vyuma virefu ili bahari isiyamwage. Kazi ya watu wenye miguu. Siku moja chuma kikamponyoka mwenzake huko juu, kikashuka, kikatua kwenye goti la Mzamil la kushoto. Wakampasua, wakamtia vyuma, wakamshona, kisha wakampa kiti langoni aandike nambari za malori yanayoingia. Kiti cha plastiki, chini ya mwavuli! Wenzake wakipita humuuliza, "Habari za ndani, bi harusi?" nao hucheka, naye hucheka, halafu hubaki na kicheko chake mdomoni hata hajui akiteme wapi.

Miezi minne baadaye zikatoka habari kwamba kampuni yao itafanya orodha mpya. Aliye mzima atarudi melini, asiye mzima aende zake nyumbani, na viti vya langoni vitaondolewa. Daktari wa kampuni, mwanamke wa bara aitwaye Cynthia, aliitazama picha ya goti akatikisa kichwa.

"Limepona nusu, Mzamil. Siwezi kuandika kwamba unaweza kupanda melini kwa sababu tu unataka."

"Basi nijaribu."

"Nikujaribu vipi?"

Ukutani palikuwa na tangazo la triathloni ya mjini: kuogelea kilomita moja na nusu, baiskeli kilomita arubaini, mbio kilomita kumi, yote siku moja bila kupumzika. Hasira ilimpanda Mzamil akalinyooshea kidole. "Kwa ile pale."

Daktari alicheka, kisha akaacha, maana aliyekuwa mbele yake hakuwa akicheka. "Haya. Siku hiyo mimi nitakuwa Ngomeni, kwenye hema la huduma ya kwanza, pale pale pa kumalizia. Mwisho wa kufika ni saa tano. Ukinifikia kabla ya saa tano kwa miguu yako, nitatia saini hapo hapo. Ukichelewa hata dakika moja, usije ukanibembeleza. Orodha inafungwa Jumatatu yake."

Basi ndiyo siku yenyewe hii, Jumapili, na Jumatatu ni kesho. Miezi yote hiyo alikuwa akiogelea Tudor kila akiswali alfajiri, akikimbia mpaka goti linafura, na mkewe Mwanarusi akimkanda kwa mafuta ya nazi ya moto bila kusema kitu. Leo tu, alipokuwa anatoka, ndipo aliposema. "Mimi karatasi ya daktari siitaki, nakutaka wewe. Lakini bila hiyo karatasi wewe hutarudi, nakujua. Kitarudi kiwiliwili."

Majini alikwenda vizuri. Mtoto wa pwani huyo, aliogelea mkondo wa Tudor akawaacha nyuma vijana wenye miwani za bei. Ni baiskeli ndiyo iliyomla. Alipoitupa mwishowe na kuanza kukimbia, saa ya mkononi ilisema saa nne kasoro dakika kumi, na nyuma yake hapakuwa na mtu hata mmoja.

Alikimbia. Mtu akikwambia mbio ni mapafu, mwambie aje akimbie na goti la vyuma juani. Kila akikanyaga mguu wa kushoto, kitu kilimchoma kwa ndani, na yeye akakihesabia: moja, mbili, moja, mbili. Alikwenda hadi ufukweni Mama Ngina akageuza, akapita Makadara penye utepe wa manjano na askari wa kuzuia magari, watu wamejipanga wakipiga makofi kwa kumhurumia. Hakutaka makofi yao. Alitaka saa isimame. Ee Mola wangu, alisema, mimi sikuombi ushindi, niwahishe tu, nifike mbele ya yule mwanamke nikiwa nimesimama wima.

Na Mola kama aliyemsikia. Alipoingia Ndia Kuu saa ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi na mbili, na kilichobaki ni kama kilomita moja. Kilomita moja kwa dakika kumi na mbili! Hata kwa kuchechemea angefika. Moyo ukamruka, akacheka peke yake, akaona Jumatatu hiyo inakuja na yeye yuko juu ya kontena na kofia ya chuma kichwani.

Alipopinda kona akasikia shahada. *La ilaha illa Llah*, sauti nyembamba, za watu wachache, halafu akaliona jeneza linamjia katikati ya njia.

Sasa, asiyekuwa wa hapa atauliza, si angejibana ukutani apite? Hapa petu jeneza halipitwi. Ukikutana nalo unaacha ulikokuwa ukienda, unageuka nalo, unatia bega. Mtu wa mbele yako anatoka, wewe unaingia, unapiga hatua nne tano, wa nyuma anakugusa, unampokeza, unakwenda zako na thawabu zako. Mamia ya mabega, kila mmoja na hatua zake chache, na maiti anafika makaburini kama anayekwenda mwenyewe. Mzamil alilijua hilo tangu utotoni. Akapiga hesabu kwa haraka: hatua tano, nusu dakika. Nusu dakika anayo. Akaona ni baraka, pengine ndilo jibu la dua yake. Akageuka, akainama chini ya pembe ya mbele ya kushoto, mzee aliyekuwa hapo akitetemeka akajitoa mbio mbio, na jeneza likamkalia begani.

Hatua moja. Mbili. Tano. Kumi. Hakuguswa. Kumi na tano.

Akageuza shingo atazame nyuma. Hapakuwa na mtu. Waliobeba walikuwa wanne pamoja naye: muuza vinyago mmoja, na wanaume wawili wenye mvi. Nyuma yao imamu na wazee watatu, mmoja na bakora yake. Basi.

"Watu wako wapi?" Mzamil aliuliza.

Yule mzee aliyempisha pembe ndiye aliyejibu, akitembea kando yake huku akihema. Jina lake Mzee Shee. "Watu wako upande wa Majengo, mwanangu, wamezuiliwa huko. Njia zimefungwa tangu alfajiri kwa mbio zenu hizi. Gari la maiti nalo halikuruhusiwa kuingia. Tumengoja mpaka tumechoka, na maiti hangojezwi hivyo."

Mbio zenu. Mzamil aliliona hilo neno likimwingia mwilini. Akataka kusema mimi si mwenye mbio, mimi nilikuwa natafuta kazi yangu tu, lakini pumzi hana.

"Ni nani?" akauliza badala yake.

"Fundi Ngumbao, wa milango. Mkewe alikufa zamani. Mwanawe mmoja yuko Saudia, mwaka wa ishirini huu hajaonekana."

Ngome ilikuwa nyuma yao, nao wanaelekea Makadara kwenda Kikowani kwenye makaburi. Kila hatua ilikuwa ya kumrudisha. Mzamil alijipinda aione saa: kasoro tisa. Bado! Akitoka sasa hivi, akikimbia kama kichaa, atafika. Maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Mzee wangu, nipokeeni, nakuombeni kwa Mungu. Kuna mtu ananingoja kule. Ni kazi yangu, ni maisha yangu yote yako pale."

Mzee Shee hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma. Alisema tu, "Nenda, mwanangu, Mungu akusahilishie," akaja akatia bega lake chini ya mti wa jeneza. Mzamil akajitoa. Mzee alikwenda hatua mbili, magoti yakamkunjika, pembe ikashuka, na ndani ya jeneza wote wakamsikia Fundi Ngumbao anateleza. Muuza vinyago akapiga kelele. Mzamil akarukia ile pembe kwa mikono miwili, akaipandisha, akaitia begani tena, na goti likampiga mwiba mmoja mpaka macho yakaona nyota. Hakuomba tena kutoka.

Kwenye utepe wa manjano palikuwa na binti wa waandalizi amevaa fulana ya manjano. "Kaka! Kaka wa mia mbili kumi na nne! Njia ni kule, unapotea!" Kisha akaona anachokibeba, akauinua utepe kwa mkono.

Saa yake ya mkononi ilikuwa ya kulia kila saa kamili. Saa tano ililia Makadara, mbele ya mikahawa iliyofungwa milango nusu kwa heshima ya maiti. Mlio mdogo, mara mbili, basi. Mzamil alidhani ulimwengu utafanya kitu. Wenye mikahawa walisimama, wawili watatu wakaja kusaidia pembe za nyuma, na pembe yake yeye, kwa kuwa alikuwa kijana na mwenye kifua, hakuna aliyeifikiria. Kwisha, alijiambia. Saa hii daktari anatazama saa yake. Saa hii anaikunja ile karatasi. Alitaka kumchukia Fundi Ngumbao kwa kufa leo, akashindwa, akajichukia mwenyewe kwa kuona baraka pasipo na baraka. Nusu dakika! Mjinga gani anakopa nusu dakika siku kama hii?

Kikowani walimtua maiti. Mzamil alikuwa na kaptura ya kubana ya mashindano, mapaja nje, na makaburini haifai. Mzee Shee akavua kikoi alichojifunga juu ya suruali, akamfunga nacho kiunoni, na nambari iliyoandikwa pajani ikafichika. Mwingine akampa kofia. Kisha wakatazamana wale wazee, kila mmoja akimtazama mwenzake magoti, na Mzamil akaelewa. Akashuka kaburini yeye na muuza vinyago.

Wakampokea Fundi Ngumbao. Hakuwa mzito kitu, alipotolewa jenezani. Wakamlaza kwa ubavu wa kulia, wakamwelekeza kibla, wakamfungua sanda usoni, na Mzamil akamwegemeza bonge la udongo mgongoni asipinduke. Ndipo alipolia. Alimlilia nani? Usiulize, alijililia mwenyewe. Alililia makontena, kofia ya chuma, genge lake, alikililia kile kiti cha plastiki ambacho kesho hata nacho hatakuwa nacho. Alilia kwa sauti, mabega yakimtikisika, mkono ungali mgongoni mwa mtu asiyemjua, mpaka imamu akamwita kwa upole kutoka juu. Alipojaribu kupanda goti likakataa kabisa, likawa limekwisha kufura ndani ya kikoi, ikabidi wamvute kwa makwapa.

Alipokuwa akifukia kwa mikono, huku amekaa, ndipo watu walipoanza kuingia langoni. Walikuwa wameachiliwa njia. Wengi, alhamdulillahi, kumbe fundi alikuwa na watu wengi: majirani, wateja wake, waswali wenzake, wote wamelowa jasho kwa kuzunguka mji mzima kwa miguu, wote na aibu ya kuchelewa. Wakamwona kijana aliyejaa udongo wa kaburi mpaka kifuani, amefunga kikoi, macho mekundu, hawezi kusimama. Wakanong'onezana. Baada ya dua wakajipanga mstari kumpa mkono mfiwa, kama ada, na mstari haukwenda kwa imamu wala kwa Mzee Shee. Ulikuja kwake.

Mzamil akafumbua mdomo aseme siye yeye. Akamtazama Mzee Shee amsemee. Mzee aliinamisha macho, akashika ndevu zake.

Wa kwanza mstarini alikuwa mtu mzima wa makamo ya babake. Alimshika Mzamil mkono kwa mikono yake miwili, na machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Makiwa, mwanangu," alisema. "Safari ya mbali, lakini alhamdulillahi, umewahi."

Mzamil aliangalia saa yake. Saa sita kasorobo. Nyuma ya mtu yule mstari ulifika mpaka langoni, na wote walikuwa wakimngoja yeye.

"Tunayo," aliitikia kama mfiwa, akampa mkono wa pili.