Beringi ya Upande wa Bibi Yenu

Usiku wa jana niliota nina hasira. Ndoto yenyewe ilikuwa haijaanza, lakini hasira imeshafika, imekaa inanisubiri.

Sasa nyie wajukuu zangu mnaijua pikapu yangu. Ukienda taratibu, kimya. Ukikaza mwendo tu, vuuuuu, kama inataka kuruka angani. Fundi Sengasu kabadilisha beringi ya tairi la mbele kulia, ikavuma. Kabadilisha tena ile ile ya kulia, bado inavuma. Na bibi yenu Mwantumu keshaapa: "Gari linalonguruma hivyo silipandi kwenda milima ya Lushoto. Kitukuu nitakwenda kumwona kwa basi. Wewe baki na chuma chako." Mwanamke nimemwendesha tangu nywele zangu nyeusi, leo ananiacha kwa ajili ya basi! Basi nikalala nalo hilo rohoni.

Ndotoni niko gereji kwa Sengasu, hapa hapa Muheza. Kuna msiba. Watu wamekaa juu ya matairi wanakunywa kahawa. Katikati kuna mkeka, juu ya mkeka beringi mbili zimefunikwa khanga.

"Pole, mzee," wananiambia.

"Nimeshapoa," nasema. Sijapoa.

Mara beringi moja inajifunua khanga, inakaa kitako. "Nani kasema mimi mgonjwa?"

"Sengasu."

"Hebu nizungushe."

Naiweka kidoleni, naizungusha. Inateleza kama mafuta ya nazi. Haikwaruzi, haina hata sauti.

"Umeona? Nimetolewa mzima," inasema. "Na huyu mdogo wangu naye katolewa mzima. Huyo fundi alipiga jeki? Alilitikisa tairi juu na chini? Alilizungusha kwa mkono akasikiliza?"

Namgeukia Sengasu. Sengasu anapuliza kahawa yake.

"Mimi nilikaa kwenye kiti cha dereva, nikaendesha, nikasikia kulia," anasema. "Sauti iko kulia."

"Wewe mwenyewe umekaa kulia!" beringi inafoka. "Ungekaa kule nyuma kwenye bodi ungesema inavuma bodi!"

Nikasema hapa leo patachimbika. Lakini kufumba na kufumbua nimeshika usukani, na gereji nzima inapanda barabara ya Lushoto, na msiba wake, na birika lake la kahawa. Mimi ndiye dereva. Hakuna anayeshangaa.

"Kata kulia," beringi inaniamuru. "Ukikata kulia uzito unalalia kushoto."

Nakata kulia. Loo! Watu wote wanaporomokea kushoto, na matairi, na mikeka, na mbuzi wa jirani ambaye hata hakualikwa. Wamerundikana. Na mvumo unapanda, vuuuuuuu, mpaka meno yananicheza.

"Kata kushoto."

Nakata kushoto. Rundo zima linahamia kulia, Sengasu yuko chini kabisa, mbuzi yuko juu yake. Kimya. Nasikia mpaka mbuzi akicheua.

"Sasa iko wapi?" namuuliza.

"Kulia," anasema Sengasu kutoka chini ya mbuzi.

Jamani! Nilitamani kumng'ata.

Sasa ndiyo namwona Mwantumu. Kumbe yupo muda wote, kiti cha kushoto, miguu kaikunja juu ya kiti. "Mimi nilisema tangu Ramadhani," anasema, wala haniangalii. "Chini ya miguu yangu kuna mtu anapiga kelele. Mkaniambia nitulie, mimi sijui gari."

Sakafu inafunguka. Inatoka beringi ya kushoto, uso wote mashimo, grisi imekauka mdomoni, inatafuna mchanga.

"Kila mtu anamuuliza dereva," inasema kwa sauti ya kukwaruza. "Abiria hawamuulizi."

Sengasu anachomoka, ameshika nyundo na beringi mpya. "Mzee, dakika moja tu naipachika." Anaipiga katikati, pwa! Ule mshindo naupata mimi tumboni. Anapiga tena, pwa! Nakunjamana.

"We mwanaharamu, unaniua!"

"Si wewe, mzee, napiga beringi."

"Usiipige ringi ya ndani!" inapiga kelele ile kongwe ya kushoto. "Inaingia kwenye habu, kitovu cha gurudumu; isukume kwa ringi ya nje, polepole, kwa mashine ya presi! Ukiigonga katikati unaitia ugonjwa kabla haijaanza kazi!"

Nampokonya nyundo, naitupa korongoni. Lakini wakati nagombana na huyu mpumbavu, Mwantumu kafungua mlango. Kwenye kona, gereji inakwenda! Anateremka kama anateremka ngazi. Basi linamsubiri. Anapanda, hageuki.

"Mwantumu!" napiga ukelele. "Mwantumu, ni upande wako! Ulisema kweli!"

Nikaamshwa na sauti yangu mwenyewe. Alfajiri. Mwantumu keshavaa, anafunga furushi lake la nguo, keshajitwisha hasira zake.

"Unaniitia nini?"

Nikatoka nje pekupeku. Pikapu haijasogea tangu juzi, umande umeilowesha yote. Nikagusa tairi la mbele kulia, katikati pale kwenye habu: baridi, maji matupu. Nikazunguka kushoto, upande wake.

Pakavu. Na pa moto, kama chuma kilichotoka safari sasa hivi.

"Mwantumu, njoo uweke mkono hapa."

Akaja anaburuza kandambili, kanuna. Akaweka mkono, akauondoa haraka, akapuliza vidole. Akaniangalia hivi.

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia."

"Sema vizuri, majirani wasikie."

"Uliniambia, mke wangu! Kushoto!"

Akalibeba lile furushi la nguo, akalitupa nyuma ya pikapu. "Haya, mpigie simu huyo Sengasu wako," akasema. "Na akikaa kwenye kiti cha dereva, leo namtoa mimi."