Masharti ya Kutoka

Siku Sindano alipotoka gerezani, bibi afande wa karakana alilia kama mtu anayeoza binti. Sindano, aliyefungwa kwa kuuza pombe haramu, alikuwa ameshona sare za wafungwa miaka minne, na kola zake hazikuwa na mfano. Akapewa cheti cha ushonaji na karatasi ya masharti: awe na makazi, afanye kazi halali, asikae na mtu aliyewahi kufungwa.

Makazi aliyafuata kwa dada yake mkubwa. Dada alimkumbatia mlangoni, akamkumbatia tena, ila mlango hakuuachia.

"Mdogo wangu, mimi sina neno. Shemeji yako ndiye anaogopa majirani."

Shemeji alikuwa ndani, anakohoa.

Kazi nayo aliikaribia. Mwenye duka la kushona alimpa gauni la majaribio, akaligeuza huku na huku kutafuta kasoro, akaikosa. Kisha akauona muhuri wa cheti.

"Ungeniambia hujui kushona," alisema, "ningekufundisha."

Aliyempokea ni Kijiko, mfungwa mwenzake wa zamani, mpishi wao walipokuwa wote ndani. Alikuwa na chumba kimoja na cherehani ya marehemu mama yake. Wakagawana kitanda. Sindano alianza na zipu na mapindo; mwezi wa tatu wateja walikuwa wanapanga foleni hadi uani.

Ofisa wa uangalizi alipokuja kumkagua, roho yake ilisuuzika. Makazi yapo, kazi ipo. Hata suruali yake iliyoachia nyuma ilishonwa papo hapo, mwenyewe akisubiri kajifunga shuka.

"Na huyu mwenyeji wako, mlijuania wapi?"

Uongo haukuwa fani ya Sindano. "Ndani, bosi."

Ofisa akavaa suruali yake, akashukuru, akaandika ripoti.

Mahakamani, hakimu alimwuliza kwa masikitiko ya kweli kwa nini wanawake wanatoka na kurudi. Sindano akasema labda ni kwa kukosa pa kulala. Hakimu akampatia pa kulala: miezi kumi na minne.

Jumapili ya kwanza dada alikuja kumwona, kabeba sabuni na mafuta ya kujipaka.

"Afadhali," alisema akijifuta macho. "Sasa angalau najua unalala wapi."

Sindano alitaka kucheka, machozi yakamtangulia.

"Usijali, dada," alisema. "Huku kitanda ni changu peke yangu."