Taa ya Kaka Ukutani

Mkunga aliisukuma pikipiki mpaka mlangoni mwa gereji ya shemeji yake asubuhi, fundi akiwa bado na kikombe cha chai mkononi, akaiegesha penye kivuli na kusema, "Leo hunikwepi."

Fundi alikuwa amemkwepa vya kutosha. Mara spea hazipatikani, mara mgongo unamsumbua, mara atapita Jumapili, na Jumapili ikifika haonekani. Pikipiki ilikuwa ya kaka yake marehemu, mume wa mkunga, na tangu msiba ilikuwa imelala chini ya turubai nyuma ya jiko. Mkunga akawa anawafuata wajawazito kwa miguu. Juzi alikuta mtoto ameshapokewa na jirani muuza mkaa, kitovu kimefungwa kwa uzi wa gunia.

"Sikulaumu, shemeji," alisema. "Lakini miguu yangu si magurudumu."

Fundi aliogopa jambo moja tu. Siku chache kabla ya ajali, yeye ndiye aliyeunga waya wa taa kubwa, pale shingoni mwa pikipiki ambapo waya hujikunja kila usukani unapokatwa. Aliunga haraka haraka, kaka yake akiwa ameshakalia kiti, wanataniana. Kisha kaka akatumbukia usiku kwenye shimo la njia panda, na afisa wa barabara, aliyefika kulipokucha, akatamka mbele za watu kwamba pikipiki haikuwa na taa. Tangu siku hiyo fundi alitengeneza kila kitu isipokuwa taa. Mteja wa taa alielekezwa kwa mwenzake ng'ambo ya barabara. Akilala, vidole vyake vilikuwa vinaunga ule waya upya.

Alianza na betri, maana hapo hapakuwa na ubaya. Iliyokuwamo ilishakufa, akaazima ya jirani yake mchomeleaji wa mageti. Honi ikalia. Akafungua plagi, akaisugua kwa brashi, akaivika kofia yake na kuilaza juu ya chuma cha injini, akapiga kiki. Hakuna cheche. Akaweka plagi nyingine, kimya. Akapima koili inayoipa plagi umeme, ikawa nzima. Ikabaki kufuata waya mmoja mmoja, kazi ya kuchambua mchele wenye mawe. Akateremsha tangi, na mkunga akalipakata kama anavyopakata watoto wa watu.

Ugonjwa ulikuwa chini ya tangi hapo hapo. Waya wa kuzimia injini ulikuwa umesuguana na fremu mpaka ganda likatoka, ukawa unagusa chuma. Pikipiki ilikuwa inajizima yenyewe kabla haijawaka. Fundi akaukata, akauunga, akaufunga tepu na kupiga kiki tena. Cheche ikaruka, ya bluu, yenye afya.

"Hiyo hapo!" mkunga akasema.

Fundi hakufurahi sana. Pikipiki za zamani kama ile, taa kubwa haili kwenye betri, inakula kwenye injini: injini ikizunguka inawaka, injini ikizima nayo inazima. Swichi ya taa ilikuwa bado pale marehemu alipoiacha. Kwa hiyo wakiiwasha injini, lile ambalo hakutaka kulijua atalijua. Alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu wenyewe ulivyodai. Kisha akarudisha tangi, akapiga kiki, na injini ikashika.

Ukutani kukawa usiku.

Ulikuwa usiku wa mviringo, upana wa mlango, na ndani yake njia panda ya karibu na ghala, manyunyu yanaanguka, na katikati ya barabara shimo la watu wa barabara, lisilo na kizuizi, wala tawi, wala hata jiwe la kumwonya mpita njia. Taa ilikuwa imepatunza mahali ilipomulika mara ya mwisho. Manyunyu yakalowesha plasta, yakaanza kuchuruzika sakafuni. Mchomeleaji alipokuja kudai betri yake alitazama kidogo, akasogeza makopo yake ya rangi yasilowe.

"Ni pale pale," alisema.

"Ni pale pale," fundi akajibu, akasogea mpaka pua yake ikalowa.

Shimo lilikuwa limejaa maji, na majini ilionekana taa yenyewe, nyeupe, inawaka kwa nguvu zake zote. Nyuma yake alikuwa kaka, ameng'ang'ania usukani na breki kwa mikono miwili.

"Ilikuwa inawaka, shemeji," fundi akamwambia mkunga.

"Naiona."

"Ilikuwa inawaka!"

Fundi akaketi kwenye maji na kulia, kilio cha mtu aliyetua mzigo na bado anausikia mabegani. Mkunga akamwekea mkono kichwani. "Mimi sikuwahi kukushuku hata siku moja," alisema. "Ungeniuliza tu."

Afisa wa barabara aliitwa, naye akaja baada ya chakula cha mchana. Alikuwa mtu wa adabu. Alivua miwani, akaifuta manyunyu, akaivaa tena.

"Kweli, taa ipo," alikubali. "Na shimo ni letu, nalifahamu."

"Basi kaseme hivyo mbele za watu, kama ulivyosema siku ile," mkunga akamwambia.

"Lile lilishafungwa, mama. Jambo likifungwa kwetu limefungwa." Aliomba kitambaa cha kufutia viatu. Kuhusu shimo la barabarani, alisema litafukiwa zamu ya kulifukia itakapofika, akashukuru kwa kitambaa na kuondoka.

Mchana uliobaki fundi alifunga taa ya pili chini ya ile ya kwanza, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa haioni barabara nyingine. Mara mbili alijikuta anapiga mluzi, mara zote mbili akaona haya, na mara zote mbili akaendelea.

Jioni akamleta mama yake na kumkalisha kwenye kigoda mbele ya ukuta, akawasha injini. Mama mtu alitazama maji ya shimo kwa utulivu, anakunja macho.

"Kumbe alivaa koti," alisema mwishoni.

"Alivaa, mama."

"Nilimwambia avae koti, kuna baridi. Nikadhani ananiitikia tu ili anyamazishe mdomo wangu." Akacheka, akajifuta uso kwa upindo wa kanga, machozi na manyunyu pamoja. "Alivaa, mwanangu."

Simu ya mkunga ikalia. Kulikuwa na mwanamke ameshikwa na uchungu ng'ambo ya ghala, mimba ya kwanza, na mumewe anazungumza kama yeye ndiye anayezaa. Mkunga akafunga mkoba wake kwenye keria, akakalia kiti na kuigeuza pikipiki. Usiku ule ukateleza ukutani, ukapita juu ya mageti ya mchomeleaji, ukatoka naye nje.

Mama na mwana walibaki wamesimama, wanasikiliza. Mlio uliteremka barabara yote bila kukohoa. Kule njia panda ukapungua, ukawa mdogo kabisa, ukazunguka taratibu kwa upande wa kushoto. Kisha ukapanda tena.

"Amepita," mama akasema, akaachia mkono wa mwanawe.

Fundi akachukua ufagio, akaanza kuyasukuma maji nje.