Asiyeaga Habebwi

Usiku wa jana niliota sofa letu limechoka kutusubiri, limeamua kuhamia Kibada peke yake. Nalikuta kwenye ngazi za ghorofa yetu, limesimama ubavu, linahema.

Naomba mnielewe kwanza, msije mkanicheka kabla ya wakati. Sisi tunakaa Kariakoo, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa. Chini yetu spika zinatangaza bei tangu asubuhi mpaka mtu unajikuta unapika huku unatamka bei. Mume wangu, Baba Lutfia, amepata nyumba Kibada, kule ng'ambo ya Kigamboni. Ina uwanja, ina mpapai, na ina kimya ambacho yeye anakisifia kama watu wanavyosifia pilau. Tangu mwezi uliopita ananiuliza swali lilelile: tunahama au hatuhami? Kupanga ni kuchagua, ananiambia, kama vile mimi ndiye niliyemleta Kariakoo. Jana kabla ya kulala akaniambia mwenye nyumba amechoka kungoja, asubuhi anataka neno langu.

Mimi kuhama nataka. Nataka sana, hilo sifichi. Kinachonikaba ni mlango unaotazamana na wetu. Humo anakaa Bi Mgeni, mjane, hana mtoto, na magoti yake yaligoma kushuka ngazi zamani. Mimi ndiye miguu yake. Sokoni ni mimi, dawa ni mimi, maji yakikatika ni mimi. Na sijamwambia kitu. Maboksi yalipoanza kujaa koridoni aliniuliza ni ya nini, nikamwambia nafungua biashara ya mitumba. Akainua mikono akaniombea riziki, nami nikaitikia amina. Jamani, niliitikia amina.

Basi, nikaliuliza sofa linakwenda wapi. Likasema linakwenda Kibada, sisi wenyewe tuendelee kufikiria. Nikalisihi lipunguze sauti, maana mlango wa Bi Mgeni uko wazi nusu. Likajibu kwamba lenyewe ni sofa, halikufundishwa kunong'ona, na kama nina haraka nilisukume. Nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikalisukuma. Linagonga ukuta huu, linagonga ukuta ule.

"Nani huyo?" Bi Mgeni anauliza kutoka ndani.

Ningeweza kusema ni mimi. Neno lenyewe fupi, halina hata gharama. "Paka, Bibi," nikajibu.

"Haya, paka. Shuka pole pole, ngazi ya mwisho imemeguka."

Nikamwambia ahsante. Paka mzima, anasema ahsante, na moyo wangu ukaniambia hapo umejisuta mwenyewe.

Ngazi ya mwisho kweli imemeguka, na pale ilipomeguka ni Kibada. Naingiza mguu, nakanyaga mchanga. Hakuna spika, hakuna mkokoteni, hakuna mtu. Sofa likaruka ukuta bila kuulizwa kitu, likaenda kukaa chini ya mpapai na kukunja nne. Mimi nikabaki nje ya geti jeusi, refu kunipita, viatu bado mkononi.

Nikapiga hodi. Geti likaniuliza hodi ndiyo nini. Nikalieleza kwamba mtu akifika kwa watu hupiga hodi, na aliye ndani humwambia karibu. Likafikiri. Likasema wao wana kengele, ila iliharibika, na hakuna aliyejua imeharibika tangu lini kwa sababu hakuna aliyewahi kuja kuibonyeza. Kisha likanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, likasema mtaa wao una sharti moja. Anayehamia sharti awe ameaga alikotoka. Asiyeaga bado yuko kulekule, na mtu hawezi kuwa huku na huku.

"Umeaga?" likauliza.

"Nimeaga," nikasema.

Likageukia ndani, likapaza sauti: "Ameaga!"

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, mimi nikadhani ni maneno ya kutunishia vifua tu. Kimya cha Kibada kilikuwa kimejilaza juu ya mapaa. Kiliposikia neno lile kikaporomoka chote kwa pamoja, puu, mpapai ukadondosha majani. Nyuma ya kila ukuta kukatoka sauti. Nani ameaga? Mama Lutfia. Yupi, yule wa Kariakoo? Ndiye, ameaga. Inna lillahi wainna ilayhi rajiun.

Nikataka kuwaeleza. Kiswahili chetu nacho ndivyo kilivyo: ukiaga watu, umeondoka, ukiaga tu, ni dunia umeaga, umekufa. Nilipofungua mdomo nilisahihishe hilo, nikakuta nimeshalazwa.

Nimelazwa sebuleni kwetu, Kariakoo. Turubai limefungwa koridoni, sijui limepitaje ngazini. Wanawake wamejaa kwenye mikeka, wanaume wako chini mbele ya duka la vitambaa, na spika zimezimwa kwa heshima yangu. Nimevishwa sanda. Nyeupe, safi, inakwaruza kidogo shingoni.

"Maiti haulizwi sanda," sanda ikaninong'oneza. "Lakini sanda haijakatazwa kumuuliza maiti. Yale maboksi ni ya mitumba kweli?"

Nikaiambia inyamaze, watu wanasikia. Ikasema haya, mimi nimeuliza tu.

Walichokuwa wanasema watu ndicho kilichoniua mara ya pili. Mama Hizza wa ghorofa ya kwanza, ambaye sijawahi kumsikia akimsifu mtu hata kwa bahati mbaya, analia na kusema jirani kama mimi hatapatikana tena Kariakoo nzima. Anawahesabia wenzake wema wangu: Bi Mgeni angekuwa wapi bila mimi, Bi Mgeni angekula nini, Bi Mgeni angenyweshwa dawa na nani. Tena, anasema, mwanamke asiye na siri, moyo wake ulikuwa mlango wazi. Wote wakaitikia kwamba kweli, kweli. Mimi chini ya sanda uso unawaka. Wanasema maiti haoni haya. Uongo. Mimi niliona, nikatamani wanizike haraka niondokane na sifa zile.

Mikeka ikajaa. Mwanamke mmoja mnene akakosa pa kukaa, akaenda kukalia boksi. Boksi likaguna.

"Taratibu, mama," likasema. "Ndani mna vikombe vya marehemu. Anavihamishia Kibada."

Kilio kikakatika. Mama Hizza akafuta machozi kwa upindo wa kanga, akauliza Kibada gani. Boksi likaeleza yote bila kuulizwa mara ya pili: mwezi mzima sasa, nyumba ina mpapai, walikuwa wanangoja neno lake tu. Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyenitukana, afadhali wangenitukana. Mmoja mmoja wakaanza kujivuta nyuma, wakaniachia nafasi kubwa kunizunguka kama mtu aliyemwaga uji mkekani.

Wanaume wakapanda na jeneza la msikitini. Wakaniweka ndani, wakashika pande zote, wakanyanyua. Halinyanyuki. Wakaongezeka, Baba Lutfia akavua kanzu akabaki na fulana, jasho linamtoka. Wapi.

"Msijisumbue," jeneza likasema. Lilikuwa na sauti ya mtu mzima aliyefanya kazi moja maisha yake yote. "Mimi nabeba walioaga. Nimeitwa nikaambiwa huyu ameaga. Sasa naomba kujua, kamuaga nani?"

Baba Lutfia akajikuna kichwa, akasema kwake hakuaga, ila wao walikuwa wahame pamoja. Mama Hizza akasema kwake hakupita. Wa duka la vitambaa naye hakuagwa. Swali likazunguka korido nzima likarudi kwangu, na mimi maiti, nitajibu nini?

Ndipo mlango wa pili ukafunguka.

Bi Mgeni anatoka. Anashika ukuta, magoti yake yanabishana naye kila hatua, moja linasema turudi, jingine linasema tukae. Yeye hayasikilizi. Watu wakampisha. Akafika, akajishusha chini kidogo kidogo mpaka akaketi ubavuni mwangu. Ananukia ile dawa ya kuchua ninayomnunulia mimi.

"Mnauliza kamuaga nani," akasema. "Kaniaga mimi. Wallahi kaja kwangu, kakaa kitandani kwangu, kaniambia Bibi nahama, niwie radhi. Nikamwambia nenda mwanangu, radhi zote unazo. Mnataka nini tena?"

Hakuna aliyetaka kitu tena. Mama Hizza akaanza upya kulia, safari hii kwa sauti zaidi, kufidia. Nafasi waliyoniachia ikajaa tena watu.

Bi Mgeni akainama kama anayenirekebishia sanda. Mdomo wake ukafika sikioni kwangu.

"Paka hagongi kuta, mwanangu," akasema polepole. "Lakini nikushuhudie vipi mbele za watu? Nikuache na aibu yako wazi?"

Akanifunika uso.

Jeneza likawa jepesi. Wakaninyanyua juu, wakaanza kushuka nami ngazi wakitamka shahada, na mimi najua kila hatua inayoshuka imelipiwa na kiapo cha mtu ambaye sikumtendea haki. Mwanamke mcha Mungu, hajawahi kuapa hata kwa kilo ya nyama, leo kala yamini ya uongo kwa ajili yangu. Nataka kupiga kelele. Sanda inanibana mdomo, inaniambia tulia, umeshasitiriwa, unataka nini. Nikaing'ata. Nikaing'ata mpaka ikapasuka, nikapiga ukelele: "Sikumuaga! Amenifichia, sikumuaga!"

Jeneza likaniachia hapohapo.

Nikaamka nimekaa kitako, shuka mdomoni. Jua limeshaingia, spika chini zimeshaanza bei zao. Baba Lutfia yuko mbele ya kioo anachana nywele. Akanitazama kupitia kioo, akaniuliza vipi, ampe mwenye nyumba neno gani. Nikamwambia angoje kidogo. Akasema nimekuwa nikimwambia angoje kidogo tangu mwezi uliopita. Nikamwambia basi hiki ni kidogo cha mwisho.

Sikunawa vizuri. Nilichemsha chai ya maziwa, nikaweka na vitumbua kwenye sahani, nikavuka korido. Maboksi yalikuwa kimya. Nikapiga hodi.

"Karibu," akaitikia Bi Mgeni.

Alikuwa ameketi kitandani, tasbihi mkononi, anajichua goti kwa mkono wa pili. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, umelalaje. Nikasema vizuri. Nikamsogezea kigoda chenye chai, kwa sababu anapenda kuinywa ingali na mvuke. Akaisukuma kando kwa kidole kimoja, taratibu, isimwagike.

"Leo nimefunga."

Nikadhani amechanganya siku. Nikamkumbusha kwamba leo Jumanne, sunna ya Jumatatu imeshapita, Alhamisi bado, na dawa zake hazitaki tumbo tupu. Akasema anajua leo Jumanne, hajazeeka kiasi hicho. Si sunna anayofunga. Ni kafara. Kulisha masikini kumi hawezi, maana akihesabu masikini wa ghorofa hii ataanza na yeye mwenyewe, basi atafunga siku tatu.

"Kafara ya nini, Bibi?"

"Ya kiapo."

Alilisema hilo huku anaendelea kujichua goti, bila kunitazama. Bi Mgeni, ambaye akiulizwa kama mvua itanyesha husema Mungu ndiye ajuaye. Nikakaa kitandani kwake, ubavuni kwake, na mikono sikujua niiweke wapi.

Chini spika ikataja bei ya kitenge, ikataja tena. Alingoja imalize. Nikaona kwamba nisiposema sasa, nitamwachia kiapo hiki mpaka siku atakayobebwa yeye.

"Bibi," nikasema, "mimi sijakuaga."

"Najua, mwanangu," akasema. "Ndiyo maana nimefunga."